Trekta Dogo Meru: Tela Kwanza, Koleo Baadaye

Video yenyewe ni fupi, haifiki dakika moja. Trekta dogo linasogelea lundo la matawi, mikono yake ya mbele inashuka, makucha ya chuma yanafunguka kama mdomo wa mamba, yanabana lundo zima, na trekta linarudi nyuma nalo bila dereva kushuka kwenye kiti. Mkulima wa Kikwe, mkoani Arusha, aliyenionyesha kwenye simu yake aliirudia mara tatu. "Mimi hii ndiyo naitaka," akasema. Nyuma yetu vijana wanne walikuwa wakipandisha gogo la mgrivea kwenye pickup kwa kamba na vipande viwili vya mbao, huku wa tano akipiga kelele za kuwapa nguvu.

Zana ile haijapata jina lililotulia katika Kiswahili. Hapa nitaiita koleo, kwa sababu ndivyo ilivyo: koleo la mhunzi lililokuzwa, likapewa nguvu ya mafuta ya haidroliki badala ya mkono wa mtu. Swali la mkulima yule lilikuwa la haki. Ukiwa umenunua trekta la nguvu ya farasi 30 au 35, au unakusanya hela za kulinunua, lazima ujiulize ulifunge nini. Tatizo ni kwamba alianzia mwisho wa orodha.

Tuanze na kalenda, maana ndiyo inayoamua. Kuzunguka Mlima Meru mvua ni mbili: masika ya Machi hadi Mei, na vuli ya kuanzia Oktoba hadi Desemba, ambayo miaka mingine huja na mingine hutuma salamu tu. Kazi kubwa ya kulima hufanyika kati ya Januari na mwanzo wa Machi, watu wakiwahi masika. Tuseme una wiki sita za kulima, siku sita kila wiki. Hizo ni siku 36. Zimebaki siku 329 ambazo trekta lako litakuwa chini ya mwembe, kuku wakitaga kwenye kiti. Deni halilali siku hizo, wala kutu. Kwa hiyo zana nzuri ni ile inayoliongezea trekta siku za kazi katika mwaka, hata kama haipendezi kwenye video.

Nchi hii imeshalipa ada ya somo hili zaidi ya mara moja. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga Tanganyika, makao yake makuu yakiwa Kongwa, wakitumia mitambo iliyobaki na vita. Vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta yaliyoitwa Shervick. Nguvu ilikuwepo tele. Kilichokosekana ni zana inayolingana na udongo ule unaokauka ukawa kama tofali na kusaga chuma. Kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa, na hasara yake ikahesabiwa kwa mamilioni ya pauni.

Miongo sita baadaye, mwaka 2009, ukaja mpango wa serikali wa Kilimo Kwanza. Pawatila, yaani matrekta ya magurudumu mawili ya kuongozwa kwa kutembea, zilisambazwa wilayani, SUMA JKT, shirika la Jeshi la Kujenga Taifa, ikaleta matrekta kutoka India kwa mkopo, kisha yakafuata ya URSUS ya Poland yaliyounganishwa Kibaha. Katika yote hayo hotuba zilihesabu injini. Ni nadra kusikia mtu akihesabu zana. Pawatila, iliyozaliwa kwenye matope ya mpunga huko Asia, ikipelekwa kwenye udongo mkavu na mgumu hurukaruka kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Nyingi zilizookoka ziliokolewa na tela: zikawa chombo cha kubebea mahindi, matofali, maji na watu wa msibani. Wakulima waligundua wenyewe kile ambacho hakikuandikwa kwenye mpango, kwamba vijijini usafiri ni tatizo la mwaka mzima na kulima ni tatizo la msimu.

Mlima nao una maoni yake. Ukitoka Tengeru kupanda Akheri au Nkoaranga unaingia kwenye migomba na mibuni, vishamba visivyofika ekari moja, mifereji ya maji ikikatiza kila mahali na miteremko ya kutisha. Huko trekta la kukalia, hata likiwa dogo, ni mgeni asiye na pa kugeukia. Ufinyu huu una historia: mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Ngarenanyuki ili kuwapisha walowezi, na mwaka uliofuata mwakilishi wao, Kirilo Japhet, akaenda kulisema jambo hilo Umoja wa Mataifa. Anayeshangaa kwa nini shamba la Mmeru limegawanywa kama keki ya sherehe na aanzie hapo. Ukanda huo wa juu unahitaji mashine ya kukatia majani ya ng'ombe wa ndani, na labda pawatila. Basi.

Ukanda wa kati na wa chini ndio wenye mjadala: Usa River, Maji ya Chai, Kikwe, Mbuguni, mpaka upande wa pili kule Kisongo, Musa na Oldonyo Sambu, ambako mlima unaziba mvua na ardhi inafunguka. Hapa mashamba yananyooka, mahindi, maharage na mbogamboga vinashika nafasi, na trekta dogo lina uwanja wa kucheza.

Kabla ya kununua zana yoyote kuna vipimo vya kujua, na ni aibu jinsi wauzaji wengi wanavyovipita haraka. Trekta hubeba zana nyuma kwa mikono miwili ya chini na linki moja ya juu. Mfumo huu ulienezwa na Harry Ferguson, na baada ya trekta la Ford la mwaka 1939 lililobeba mfumo wake, dunia nzima ikaufuata. Massey za zamani zinazoendelea kunguruma Arumeru ni wajukuu zake. Pini za mikono ya chini kwenye matrekta madogo huwa na unene wa milimita 22, na kwenye makubwa milimita 28. Plau la trekta la nguvu ya farasi 75 halikai sawasawa kwenye la 30, na hata fundi akikubadilishia pini likakaa, litainua magurudumu ya mbele ukabaki huna usukani.

Kipimo cha pili ni shafti ya nyuma inayozunguka, ambayo kila fundi anaiita PTO. Kawaida yake ni mizunguko 540 kwa dakika, na shafti yenyewe ina meno sita. Matrekta madogo yaliyotumika yanayoshushwa Dar es Salaam kutoka Japani yana mtego hapa. Mengi yana gia kadhaa za PTO, na maandishi yake ni ya Kijapani. Ukifunga mashine ya kupukuchua mahindi ukaiweka kwenye gia isiyo yake, unavunja punje au unavunja mashine. Mengi pia hayana matundu ya kutolea mafuta ya haidroliki kwenda kwenye zana ya nje, kwa kuwa kule yalitengenezwa kwa kazi moja, kuvuruga udongo wa mpunga kwa rotaveta, zana ya visu vinavyozunguka, iliyokuja nayo. Neno hili la matundu tulikumbuke, tutalirudia kwenye koleo.

Sasa zana zenyewe. Kama ningeulizwa ya kwanza ni ipi, ningesema tela, na ningesema kabla swali halijaisha. Tela ya tani mbili hubeba samadi Januari, mbegu na mbolea Machi, majani ya ng'ombe mwaka mzima, mahindi Agosti, na siku za soko la Tengeru hubeba ndizi na nyanya za majirani kwa nauli. Wafugaji wa mlimani hufuata mabua na majani makavu mpaka mabondeni kila kiangazi. Hiyo peke yake ni biashara. Angalizo langu ni breki. Trekta dogo lina uzito wa tani moja na nusu hivi. Ukiliteremsha kutoka Ilboru au Moshono likiwa na tela ya tani mbili isiyo na breki, si wewe unayevuta tena, ni tela inayokusukuma, na kwenye kona hulikunja trekta kama kisu cha mfukoni. Mafundi wetu huchomelea tela nzuri, imara, lakini breki huziona kama pambo. Lipa zaidi, uwekewe breki.

Ya pili ni mashine ya kupukuchua. Mavuno ya mahindi yakianza Julai, anayepita kijiji kwa kijiji na mashine nyuma ya trekta hulipwa kwa gunia, taslimu au kwa sehemu ya nafaka, na hafungi mlango mpaka Septemba. Hapa Arusha tuna bahati. CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1981, kipo hapahapa. Na karakana binafsi za mjini, Imara Tech ikiwa mojawapo, zimekuwa zikiunda mashine za kupura mazao mbalimbali, hata za kubebwa na pikipiki kwa wasio na trekta. Mashine iliyotengenezwa Arusha ina faida isiyoandikwa kwenye karatasi ya mauzo: fundi aliyeichomelea unamjua anapokunywa chai.

Kisha ndipo ulime. Na hapa nina ugomvi na rotaveta. Inapendwa kwa sababu inaacha shamba kama unga, na mteja akiona unga analipa kwa furaha. Kwa bustani za umwagiliaji za Usa River na nyanya za Ngarenanyuki ni zana halali. Lakini kwenye udongo wa volkano wa upande wa Kisongo, ambao wenyewe ni mwepesi kama majivu, unga huo hupeperuka na upepo wa Februari, na mvua ya kwanza ya masika huubeba mpaka barabarani. Chini yake, visu vinavyopita kina kilekile kila mwaka hutengeneza tabaka gumu ambalo mizizi ya mahindi hulifikia na kugeuka. Plau la sahani hufanya kosa hilohilo polepole zaidi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 mradi wa hifadhi ya udongo uliojulikana kama SCAPA uliwahubiria wakulima wa Arumeru habari ya kulipasua tabaka hilo, na ripa, ambayo ni jino la chuma linalochana mstari bila kupindua udongo, haikuwa ngeni tena kwa wengi wao.

Ripa ina sifa inayolifaa trekta dogo: unachagua idadi ya meno kulingana na nguvu uliyo nayo. Jino moja la kwenda chini sentimita 40 litaichosha injini ya farasi 35. Meno mawili ya sentimita 20 trekta linayamudu. Ni chuma kisicho na gia wala beringi. Kinachokwisha ni ncha, na ncha hukatwa kwenye springi ya lori kuukuu. Wakati plau linahitaji kurudi kwa haro kabla ya kupanda, ripa hupita mara moja, na dizeli unayobakiza ni yako.

Boza la maji, bomba la kunyunyizia dawa, jembe la matuta, blade ya nyuma ya kusawazisha njia ya shamba: hizo zitakuja zenyewe kulingana na kazi, sina haja ya kuzipigia debe. Nitaisemea blade tu. Ni bamba la chuma lenye pembe inayobadilishwa, halina mashine ndani yake, na baada ya kila masika barabara zetu za udongo hulilia.

Turudi Kikwe, kwenye video.

Koleo haliji peke yake. Kwanza trekta liwe na mikono ya kupakia mbele, na matrekta mengi yanayouzwa Tanzania hayana. Yale ya Kihindi ya kuvuta kwa magurudumu mawili ya nyuma yana ekseli nyepesi ya mbele iliyotengenezwa kugeuza, haikutengenezwa kubeba. Ukiyafunga mikono na mzigo, kinachofuata ni kuvunjika. Unahitaji trekta linalovuta kwa magurudumu manne. Pili, mikono hiyo huwa na njia mbili tu za mafuta, moja ya kupanda na kushuka, nyingine ya kuinamisha. Hapa ndipo tunapoyarudia yale matundu: koleo linataka njia ya tatu ya kufungua na kufunga makucha, yaani valvu nyingine, hosi nyingine na swichi yake. Tatu, nyuma lazima kuwe na uzito wa kusawazisha, pipa la zege au zana nzito, la sivyo magurudumu ya nyuma yatanyanyuka na breki, ambazo kwenye trekta ziko nyuma, zitakuwa zinashika hewa.

Halafu ije hesabu ambayo video haionyeshi. Chukua trekta ambalo mikono yake imeandikiwa kilo 400. Koleo lenyewe, dogo, lina kilo 130. Zimebaki 270. Na ile 400 imepimwa kwenye pini, ilhali mzigo hukaa nusu mita mbele ya pini, hivyo punguza tena. Gogo la mgrivea mbichi lenye unene wa sentimita 40 na urefu wa mita tatu lina uzito unaozidi kilo 300. Vijana wanne, kamba na mbao mbili wamelipakia. Koleo la trekta lile lisingelipakia.

Linachokiweza, na linakiweza vizuri, ni vitu vingi vyenye ujazo kuliko uzito: matawi, mabua, visiki vidogo, samadi yenye majani, mibuni iliyong'olewa. Ndiyo maana unapochagua usidanganywe na unene wa chuma. Koleo zito linakula mzigo wako kabla hujabeba kitu. Linalofaa ni la chuma chembamba chenye ugumu, lenye upana usiozidi sana upana wa magurudumu yako. Lenye vifuniko viwili vinavyojifunga kila kimoja kivyake hubana vizuri lundo lisilo sawa, lakini ni silinda mbili, hosi zaidi, uzito zaidi. Kwa trekta la farasi 30 kifuniko kimoja kinatosha. Hosi ziwe zimefichwa ndani ya chuma, kwa sababu tawi la mgunga halina adabu. Na namna linavyoshikana na mikono ifanane na ya buketi yako, usije ukanunua adapta inayozidi posho ya mwezi.

Nani basi anunue? Shamba kubwa la kahawa linalong'oa mibuni mizee kwa maelfu na kupanda upya. Mkandarasi mdogo anayesafisha viwanja pembezoni mwa jiji, ambako Muriet na Olasiti zinajengwa mchana na usiku. Mfugaji mkubwa wa maziwa mwenye samadi na marobota kila siku. Wenye kuvuna miti katika shamba la serikali la Meru wanahitaji kitu kingine kabisa, mashine ya magogo yenye mkono wake, si trekta hili. Wakati tope lilipoufukia mji wa Katesh Desemba 2023, likiwa limebeba magogo na mawe kutoka Mlima Hanang, mitambo iliyofanya kazi ilikuwa mikubwa. Hakuna trekta dogo ambalo lingethubutu.

Kwa mkulima wa ekari kumi, kikwazo kinabaki kuwa unafuu wa mikono ya watu. Nchi lilikotoka lile koleo la kwenye video, kibarua wa siku moja ni gharama ya kukuumiza kichwa, na mwenye shamba mara nyingi yuko peke yake. Kwetu silinda ikivuja ndiyo inayoumiza kichwa. Sisemi hali haibadiliki. Vijana wa Arumeru wako kwenye bodaboda, kwenye migodi ya Mirerani, mjini. Kupata wanne wa kubeba gogo siku ya Jumamosi si rahisi kama zamani. Hesabu hii itageuka siku moja, ila kwa wengi bado.

Kuna njia ya katikati isiyotajwa kwenye duka lolote. Ni koleo lisilo na haidroliki: mikono miwili ya chuma iliyopishana kama mkasi, ikining'inia kwa mnyororo nyuma ya trekta. Ukivuta, uzito wa gogo wenyewe ndio unaoibana mikono ishike zaidi, ukishusha, inaachia. Linainua ncha moja ya gogo, ncha nyingine inaburuzwa. Gogo ambalo mikono ya mbele isingelinyanyua, hili hulikokota mpaka ukingoni mwa barabara, na lori linakuja. Sharti lake ni moja na halina mjadala: nguvu ya kuvuta ifungwe chini, kwenye mikono ya chini au ndoano ya tela, isifungwe kamwe kwenye linki ya juu. Ukivuta kutoka juu gogo likanasa kwenye kisiki, trekta husimama kwa magurudumu ya nyuma na kumwangukia dereva chali, na hakuna mtu mwenye kasi ya kuruka.

Tulikwenda na mkulima wa Kikwe mtaa wa Unga Limited, mjini Arusha, kwa fundi wa kuchomelea aliyejaza vipuri vya trekta mpaka barabarani. Fundi aliitazama video mpaka mwisho, akacheka, kisha akachora mkasi wake kwa chaki sakafuni. Alisema bamba la milimita 20 litatosha, pini ataitoa kwenye springi ya Fuso. Halafu akauliza gogo nene kuliko yote shambani lina unene gani. Mkulima wangu alinitazama, nikamtazama. Fundi akamkatia kipande cha kamba ya katani, akampa, akarudi kwenye kazi yake.